Gia nyingi au gia nyepesi? Kisa cha baiskeli ya mbio ya zamani

Mzee aliniletea baiskeli iliyofutwa mpaka unajiona uso kwenye bomba lake. Fremu ya chuma, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leva mbili ndogo za gia kwenye bomba la chini, tairi nyembamba, na kule nyuma direla ya Campagnolo Nuovo Record iking'aa kama pete. Direla, kwa asiyeijua, ni kile kimkono chenye vigurudumu viwili kinachousogeza mnyororo kutoka sproketi moja, yaani gurudumu la meno, hadi nyingine. Alikuwa nayo tangu ujana, na sasa alikuwa amepita miaka 60. Ombi lake lilikuwa fupi.

"Fundi, nitolee hizi gia sita uniwekee tisa. Magoti yamekataa mlima."

Mzee alikuwa ameleta shida mbili katika pumzi moja, na sehemu kubwa ya kazi hii ilikuwa kuzitenganisha. Gia sita au tisa ni idadi ya sproketi. Magoti yanasikia kitu kingine kabisa: meno mangapi mbele yanavuta meno mangapi nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana nilihesabu. Mbele kulikuwa na sproketi mbili, 52 na 42. Nyuma 13, 15, 17, 19, 21 na 24. Gia nyepesi kuliko zote basi ni 42 juu ya 24: ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 1.75. Gurudumu la aina hii likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.1. Nikamuuliza mzee anapanda ule mlima wake kwa mwendo gani, akasema kama kilomita 8 kwa saa, kabla hajashuka na kusukuma. Ukipiga hesabu, hapo miguu yake inazunguka mara 36 kwa dakika. Mwendesha baiskeli aliyezoea huwa raha kati ya 70 na 90. Kwenye 36 kila mzunguko ni kama kusimamia mguu mmoja kupanda ngazi ukiwa na gunia begani. Goti la umri wake lina haki ya kugoma.

"Na hiyo kaseti ya gia tisa uliyoiona ina meno mangapi?" nikamuuliza.

Akatoa karatasi mfukoni. Kaseti hiyo, yaani seti ya sproketi za nyuma, ilikuwa ya meno 12 hadi 27.

Tukapiga hesabu pamoja pale pale kwenye meza. 42 kwa 27 ni 1.56. Kwa mwendo ule ule wa kilomita 8, miguu ingetoka mizunguko 36 hadi 41. Sproketi tatu zaidi, gurudumu jipya, fremu kupanuliwa, halafu goti linapata nafuu ya mizunguko mitano. Mzee alikaa kimya kidogo, akaikunja karatasi yake.

Kosa hili nimeliona mara nyingi na sioni aibu kusema kwamba hata mimi niliwahi kulifanya kwenye baiskeli yangu. Katika baiskeli za mbio, sproketi za ziada huongezwa zaidi ili kupunguza nafasi kati ya gia na gia, mwendeshaji abaki kwenye mzunguko wake wa miguu bila kuruka sana. Hazikuletwa hasa kwa ajili ya kushusha gia ya mwisho. Mtu wa mlima ana haja na sproketi moja tu kubwa kule mwisho. Zilizobaki ni starehe.

Njia ya mbele niliifunga haraka. Krenki ile, mkono wa pedali unaobeba sproketi za mbele, ina bolti tano zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 144, na kwa duara hilo sproketi ndogo kabisa inayoweza kuingia ni ya meno 41. Kutoka 42 kwenda 41 goti halitajua kama umefanya kitu. Kubadilisha krenki nzima kungeleta ekseli nyingine ya krenki na pengine direla nyingine ya mbele. Tukarudi nyuma.

Nyuma baiskeli hii ina friwili, si kaseti, na tofauti yake ndiyo inayoamua mengi. Friwili ni mkusanyiko mzima, sproketi pamoja na ile mashine ya ndani inayoliacha gurudumu lizunguke bure usipokanyaga, na yote inafungwa kwa hesi juu ya kitovu cha gurudumu kama kifuniko cha chupa. Kaseti ni sproketi peke yake. Mashine ya kuzunguka bure imebaki kwenye kitovu. Kampuni ya Shimano ilileta kitovu cha namna hiyo mwaka 1978, na faida yake kubwa haionekani kwa nje: gololi za upande wa kulia zilisogezwa karibu na fremu. Kwenye kitovu cha friwili gololi hizo ziko ndani, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki hewani bila kushikwa. Ndiyo maana ekseli za friwili hupinda. Nitarudi kwenye hilo.

Baiskeli hii ilikuwa na milimita 126 kati ya makucha mawili ya nyuma ambamo ekseli hukaa. Hicho ni kipimo cha kawaida cha enzi za gia sita na saba. Za gia tano zilikuwa 120, na magurudumu ya kaseti ya gia nane hadi kumi yanataka 130. Fremu ya chuma unaweza kuipanua milimita nne, mbili kila upande, kwa ubao na uzi wa kupimia na subira, kisha unanyoosha upya sikio la kutundikia direla kwa sababu nalo litakuwa limegeuka. Nimefanya hivyo na fremu zikaendelea na maisha yake. (Fremu ya alumini au ya kaboni usiiguse kwa namna hii hata siku moja, haikunjiki, inapasuka.) Kaseti za gia tisa zenye meno 34 zipo pia, na kama gurudumu la mzee lingekuwa limekwisha ningempeleka huko bila kusita. Lakini rimu yake ilikuwa nzima, spoki zote 36 zimekaza sawa, na kitovu kikizunguka kwa sauti ya siagi. Kuliacha gurudumu kama lile kwa ajili ya namba tisa niliona ni uharibifu.

Nikampa mapendekezo yangu: friwili ya gia saba, 14 hadi 34. 42 kwa 34 ni 1.24. Kwa kilomita 8 kwa saa miguu inazunguka mara 51. Toka 36 hadi 51, hilo goti litalisikia. Kule juu atapoteza kidogo, maana 52 kwa 14 badala ya 52 kwa 13. Kwa mizunguko 90 kwa dakika bado anakwenda kilomita 42 kwa saa. Nilimuuliza mara ya mwisho kukanyaga kwa kilomita 42 kwenye tambarare ilikuwa lini. Akacheka.

Kutoa friwili ya zamani ndiko kulikonitoa jasho. Ilikuwa ya aina yenye mianya miwili tu ya kuingiza kifaa cha kufungulia, na miaka yote hiyo kila alipokanyaga pedali alikuwa anaikaza zaidi, kwa sababu ndivyo friwili ilivyo: nguvu ya mguu ndiyo inayoifunga. Unaweka kifaa kwenye mianya, unakibana kwa fimbo ya ekseli na nati yake, unakishika kwenye jiriwa, halafu unashika rimu kwa mikono miwili kama usukani wa lori na kuizungusha kinyume cha saa. Mimi fimbo ile niliibana kwa vidole, nikaacha nafasi ndogo ya kucheza. Kifaa kiliruka kwa mlio mmoja mkali, na ukingo wa mwanya mmoja ukamegeka kipande cha ukubwa wa punje ya mchele.

Mwanya ule ukimegeka wote, kinachobaki ni kuivunja friwili vipandevipande na kushika mwili wake wa ndani moja kwa moja kwenye jiriwa. Inawezekana, ila friwili haiponi. Niliacha. Nikatia mafuta mepesi ya kupenya kutoka nyuma, pale hesi inapoanzia, nikalilaza gurudumu hadi kesho yake. Asubuhi nilibana fimbo kwa spana mpaka kifaa kikawa kama kimechomelewa, nikavuta polepole bila kushtua. Ilitoa mlio kama fundo la kuni, ikaachia. Hapo hapo unalegeza fimbo kabla ya kuendelea, maana friwili inapopanda kwenye hesi inaisukuma fimbo na inaweza kuikata.

Kabla ya kufunga mpya nilisoma kitovu. Pembeni palichorwa 1.370 x 24, yaani kipenyo cha inchi 1.37 na mizunguko 24 ya hesi kwa kila inchi. Kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, ilinipa karibu milimita 34.8. Huo ni mtindo wa Kiingereza, na friwili nyingi zinazouzwa leo zinaingia humo. Wa Kiitaliano unakaribiana nao mno na watu huchanganya bila madhara makubwa. Wa Kifaransa ni milimita 34.7 na nafasi ya milimita 1 kati ya hesi na hesi, na ukilazimisha friwili ya Kiingereza juu yake itaingia mizunguko miwili, utafurahi, halafu itakula hesi ya kitovu. Tofauti ni sehemu ya kumi ya milimita. Kwa macho hutaiona.

Nilipoitoa ekseli kupaka grisi niliizungusha juu ya kioo cha meza. Ncha ya kulia ilikuwa inacheza kama mkia. Imepinda, pale pale nilipotaja. Nikaweka mpya ya chuma bora, koni mpya (ile nati inayobana gololi) upande wa kulia, gololi tisa za robo inchi kila upande. Mzee hakuwa ameomba kazi hiyo na nilimpigia simu kwanza. Alikubali, ila kwa sauti ya mtu anayehesabu.

Friwili ya gia saba ni nene kidogo kuliko ya sita. Nilipoijaribu, sproketi ndogo iliingia bila kugusa fremu, lakini mnyororo ukikaa juu yake ulikwaruza bomba kwa ndani. Dawa ni washa ya milimita 2 upande wa kulia wa ekseli. Upana wote unakuwa 128, na fremu ya chuma inafunguka milimita moja kila upande kwa mikono tu, bila kupanuliwa. Lakini sasa rimu haiko katikati tena. Imesogea kushoto kwa milimita moja. Nilikaza spoki za kulia na kulegeza za kushoto, robo mzunguko kwa robo mzunguko, hadi nilipoweza kugeuza gurudumu kushoto kulia kwenye fremu na rimu ikakaa mahali palepale kati ya mipira ya breki.

Kisha direla. Mzee alikuwa ameomba kitu kimoja tu kwa moyo wote: ile Nuovo Record ibaki. Sikubishana. Nilimwita, nikaiacha pale ilipo, nikaweka gurudumu lenye sproketi ya 34, nikamwambia azungushe pedali kwa mkono. Kigurudumu cha juu cha direla kiligongana na meno ya sproketi, chuma kwa chuma. Direla ile ilitengenezwa kwa sproketi za hadi meno 26 au karibu na hapo. Kurudisha gurudumu nyuma kwenye makucha marefu kunakupa jino moja au mawili zaidi. Manane hakukupi.

Tena kuna hesabu ya pili ambayo wengi huisahau, ya mnyororo unaolegea. Chukua tofauti ya meno mbele, jumlisha tofauti ya meno nyuma. Zamani ilikuwa 10 na 11, jumla 21. Sasa ni 10 na 20, jumla 30. Mkono wa direla lazima uwe mrefu wa kutosha kumeza ulegevu huo wote, na mkono mfupi wa mbio haumezi.

Tulipata direla ya SunTour V-GT iliyotumika, ya mkono mrefu, ya zamani kama baiskeli yenyewe, ya rangi ya fedha. Hapa niruhusiwe kupotea kidogo. Mwaka 1964 SunTour wa Japani walilaza pembenne ya direla, ile sehemu inayousogeza mkono wake, kwa mshazari, ili kigurudumu cha juu kishuke chenyewe kadiri kinavyoelekea sproketi kubwa na kubaki karibu na meno muda wote. Direla za Ulaya za wakati huo zilisogea zaidi kwa mstari ulionyooka. Nzuri kwa sproketi zinazolingana, ngumu kwa zinazopishana sana. Hataza ya SunTour ilipomalizika katikati ya miaka ya 1980, wengine waliuchukua mtindo huo, na leo ni shida kupata direla isiyoufuata kwa namna fulani. Kwa hiyo kile kipande cha rangi ya fedha hakikuwa cha hadhi ya chini kuliko kilichotoka, na nilimwambia mzee hivyo. Sidhani alishawishika.

Uzuri wa leva zile za zamani ni kwamba hazina vituo. Zinashikwa na msuguano tu, kwa hiyo hazijali una sproketi sita au saba, wala nafasi kati yake, wala direla ya kampuni gani. Sikio lako ndilo linalotafuta gia. Kama leva zingekuwa za kubofya kwa hatua, nusu ya mpango huu ungekufa.

Mnyororo wa zamani ulikuwa na pingili 106. Nilichukua mpya wa gia 6 hadi 8 wenye 116, nikauzungusha juu ya sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye direla, nikaongeza pingili mbili pale unapokutana. Zikabaki 112. Usikate kwa kulinganisha na wa zamani. Mnyororo mfupi hautakuambia kitu mpaka siku utakapopandisha kwa bahati mbaya kwenye kubwa na kubwa. Hapo direla inavutwa mbele, inakunjika, na mara nyingi sikio la fremu linaondoka nayo. Mrefu kidogo unaning'inia tu kwenye 42 na 14, gia ambayo haina kazi. Mzee nimemwambia asiitumie.

Kuna jambo moja nililomficha kidogo, au tuseme sikulisisitiza. Friwili hii haikupangwa sawasawa: 14, 16, 18, 20, 22, 24, halafu 34. Ile ya mwisho iko peke yake kama nyumba nje ya kijiji. Kuna ya 14 hadi 28 yenye ngazi nzuri zaidi, lakini 42 kwa 28 ingempa mizunguko 42 tu kwenye mlima wake, na tungekuwa tumerudi kwenye karatasi ya mfukoni. Nilichagua pengo.

Siku ya kwanza alirudi amenuna. "Inaruka, fundi. Nikiweka hiyo kubwa miguu inazunguka hewani." Nikamuuliza anaibadilisha lini. Alikuwa anaweka 34 mwanzoni mwa mlima, mapema, miguu ikiwa bado inazunguka 70 hivi kwenye 24. Toka 24 hadi 34 mzunguko unaongezeka kwa asilimia 42 mara moja. 70 inakuwa 99. Lazima ahisi kuzunguka hewani. Nikamwambia akae kwenye 24 mpaka miguu ianze kuwa mizito, kama 50, ndipo avute leva, huku amepunguza kukanyaga kwa nusu mzunguko. 50 inakuwa 71. Tatizo la pili ni kuchelewa: ukingoja hadi 35, mnyororo unakuwa umebeba mzigo wote na haupandi, unasaga. Dirisha ni jembamba, na kwenye leva ya msuguano unalijifunza kwa siku kadhaa.

Baada ya wiki mbili alikuja tena, safari hii kuikagua tu. Waya wa gia ulikuwa umelegea kidogo, nikaukaza. Friwili ilikuwa imejifunga zaidi kwenye hesi kama nilivyotarajia, ekseli imenyooka, rimu iko katikati. Mlima ule anaupanda bila kushuka, akasema, na goti linalalamika usiku mmoja kati ya mitatu badala ya kila usiku. Nuovo Record yake iko nyumbani ndani ya kitambaa.

Sasa ana jambo jipya. Amegundua kwamba 52 ya mbele hafiki nayo popote, na anauliza kama 46 inaingia kwenye bolti zile zile. Inaingia. 46 kwa 14 bado ni kilomita 37 kwa saa, ulegevu wa mnyororo unashuka toka 30 hadi 24, na direla ya mbele italazimika kushushwa kwenye bomba kama milimita 12, ikiwa kibano chake kina nafasi ya kushuka kiasi hicho. Nimemwambia asiagize bado. Kwanza aendeshe mwezi mmoja bila kugusa leva ya kushoto, ile ya sproketi za mbele, aone kama ataikumbuka.